Tupeni Watu Wanaougusa Mpira

Leo naomba mniwie radhi, siwaletei Simba na Yanga wala Gor Mahia. Nawapeleka Seattle, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Januari hii ya 2026 mvua inanyesha kama kawaida yake, msimu wa besiboli umelala, na sisi mashabiki wa Mariners hatuna kazi nyingine ila kubishana juu ya usajili. Ukienda kwa kinyozi, ukienda dukani kununua mbuzi kule Tukwila, ukitoka kanisani Kent ambako nusu ya waumini ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi, swali ni lile lile: mwaka huu je?

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Mwaka huu tutaingia tena kwenye mtoano. Ubingwa wa kundi letu nauona uko mikononi. Lakini World Series, ile fainali kubwa ambayo hatujawahi kuicheza, hatutaifikia kwa kutegemea warushaji wetu na homurani za Cal Raleigh peke yake. Tunahitaji wapigaji wanaougusa mpira. Nitafafanua.

Kwa msikilizaji anayeusikia mchezo huu kwa jina tu, maelezo mafupi. Mrushaji anatupa mpira, mpigaji amesimama na gongo lake. Akiukosa mara tatu, katoka. Wakitoka watatu, timu zinabadilishana zamu. Kila timu ina zamu tisa, zinaitwa inningi, kwa hiyo ili umshinde mwenzako lazima uwatoe watu wake 27. Hakuna saa ya kuumaliza mchezo, hakuna filimbi ya mwisho, hakuna sare. Mkilingana mnaendelea hata usiku wa manane. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa nje, hiyo ni homurani: mpigaji anazunguka besi zote kwa raha zake, na kila mwenzake aliyekuwa kwenye besi anaingia nyumbani mbele yake, kila mmoja akihesabiwa mkimbio, yaani alama moja. Ipo pia njia ya kawaida, na ndiyo nitakayoisemea sana leo. Mpigaji anaugusa tu mpira, unaangukia penye nafasi au unabingirika kwenye nyasi, na wapinzani wanalazimika kukimbia, kuinama, kuokota na kurusha. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Mtu aliyekosa mara tatu hajamsumbua yeyote. Wapinzani wamesimama tu na glavu zao.

Mariners walianzishwa mwaka 1977. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na katika hizo 30 ni moja tu ambayo haijawahi kukanyaga World Series. Hiyo moja ndiyo sisi. Arizona na Tampa Bay zilianza kucheza mwaka 1998, wadogo zetu kabisa, na kila moja imeshafika mara mbili. Mwaka 2001 tulishinda michezo 116 katika msimu mmoja, tukaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya mwaka 1906. Alikuwepo Ichiro Suzuki, ndiyo kwanza kafika kutoka Japani, aliyechukua tuzo ya mchezaji bora na ya mchezaji mpya bora kwa mpigo. Yankees wakatutoa kwa michezo mitano. Baada ya hapo tukakaa zaidi ya miaka 20 bila kuuona mtoano hata kwa dirishani. Félix Hernández, mrushaji aliyetupa mchezo mkamilifu mwaka 2012 bila mpinzani hata mmoja kufika besi ya kwanza, alicheza maisha yake yote Seattle na hakuwahi kurusha mpira mmoja wa Oktoba. Wazee wa hapa wakilitaja jina lake wanashusha pumzi.

Mwaka 2022 mlango ulifunguka. Miaka miwili iliyofuata, 2023 na 2024, tulikosa nafasi kwa mchezo mmoja tu kila mwaka. Mchezo mmoja kati ya 162! Na ni katikati ya maumivu hayo, Oktoba ya 2023, rais wa shughuli za besiboli wa timu, Jerry Dipoto, aliposimama mbele ya waandishi akaeleza kuwa timu inayoshinda asilimia 54 ya michezo yake kwa muda wa miaka kumi itajikuta World Series siku moja. Kwa hesabu, huenda ana hoja. Lakini maneno hayo kwa watu waliosubiri tangu 1977! Mpaka leo ukitaka kuzua ugomvi uwanjani, taja tu 54. Asilimia 54 ya michezo 162 haifiki ushindi 88, na 88 ndiyo namba iliyotuacha nje mwaka ule ule.

Sasa tuje msimu uliopita, maana bila kuuelewa huwezi kukizungumzia kikosi cha sasa.

Tulishinda michezo 90, tukatwaa ubingwa wa Kundi la Magharibi la Ligi ya Amerika, nusu mojawapo ya ligi kuu, kwa mara ya kwanza tangu 2001. Mwezi Septemba vijana walipandwa na wazimu, wakashinda 17 kati ya 18, wakaenda Houston wakawapiga Astros mara tatu mfululizo nyumbani kwao. Na nyuma ya besi ya nyumbani alichuchumaa Cal Raleigh. Jina lake la utani linahusu ukubwa wa makalio yake, na kwa kuwa hii ni redio ya familia tuishie hapo. Raleigh ni mdakaji. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote uwanjani: unachuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100 kwa usiku, umevaa ngao za magoti na kifua, unadaka mipira ya kilomita 150 na zaidi kwa saa, unapigwa vidole, unapigwa bega, na katikati ya hayo ndiwe unayemwelekeza mrushaji arushe nini. Wadakaji kwa desturi hupiga kidogo kwa sababu miili imechoka. Huyu bwana alipiga homurani 60. Rekodi ya wadakaji ilikuwa 48. Rekodi ya watu wanaopiga pande zote mbili, kulia na kushoto, ilikuwa 54 za Mickey Mantle, imekaa tangu 1961. Ya timu yetu ilikuwa 56 za Ken Griffey mdogo. Zote kazifuta, na ya 60 aliipiga usiku ule ule tulipotwaa ubingwa wa kundi. Alicheza michezo 159. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi bado walimpa Aaron Judge wa Yankees. Sitalisemea hilo, nitatumia muda wote wa kipindi.

Kwenye mtoano tulianza na Detroit, na hapo tulikutana na Tarik Skubal, ambaye mimi kwa sasa simwoni mrushaji wa mkono wa kushoto anayemfikia. Mchezo wa tano, wa kufa na kupona, Skubal aliwaangusha wapigaji wetu 13 kwa kukosa mara tatu, saba kati yao wakifuatana. Alipotoka ndipo tukapumua. Leo Rivas, kijana wa benchi ambaye siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 28, akaitwa apige, akauweka mpira mahali, tukasawazisha. Mchezo ukaenda inningi 15, karibu saa tano, na Jorge Polanco akaumaliza kwa pigo la kawaida kabisa, mpira wa chini uliopenya. Angalieni ushindi huo ulipatikana vipi. Siyo kwa homurani.

Kisha Toronto. Tulikwenda Canada tukashinda miwili ya kwanza. Tukarudi nyumbani tukihitaji miwili tu, tukapigwa 13 kwa 4, kesho yake 8 kwa 2. Watu wanapolia juu ya kilichotokea mwishoni, huwa nawakumbusha siku hizo mbili. Mchezo wa tano ulitupa usiku ambao Seattle haitausahau: inningi ya nane tuko nyuma 2 kwa 1, Raleigh akasawazisha kwa homurani iliyopaa juu sana, kisha besi zote zikajaa watu, na Eugenio Suárez akaupiga mpira ukavuka ukuta, mikimbio minne kwa pigo moja. Uwanja ulitetemeka. Treni za mizigo hupita ubavuni mwa uwanja ule zikipiga honi, na usiku huo hata honi haikusikika.

Mchezo wa sita tulijifunga wenyewe. Makosa matatu ya ulinzi, na kwa inningi tatu mfululizo tulikuwa na watu kwenye besi, mpigaji akaubingirisha mpira moja kwa moja kwa beki, wakatolewa wawili kwa mpigo.

Na wa saba. Oktoba 20, Toronto. Tunaongoza 3 kwa 1, Julio Rodríguez na Raleigh kila mmoja kapiga homurani yake. Inningi ya saba, anarusha Bryan Woo, ambaye alikuwa ametoka majeruhi. Addison Barger akapata besi ya bure, kwa mipira minne iliyokosa shabaha. Isiah Kiner-Falefa akapiga pigo dogo, akafika. Andrés Giménez akaulaza mpira kwa gongo, kajitoa mhanga ili wenzake wasogee mbele. Hakuna kati ya hao watatu aliyeupiga kwa nguvu. Ndipo kocha Dan Wilson akamtoa Woo, akamwingiza Eduard Bazardo, na George Springer akaupeleka mpira ukutani, ukavuka. 4 kwa 3. Tulikuwa tumebakiza watu wanane wa kutoa ili tuingie World Series.

Tangu siku hiyo mashabiki wamegawanyika kambi mbili, na ugomvi wao unamhusu Bazardo: kwa nini asiingizwe Andrés Muñoz, mrushaji wetu wa kufunga michezo, mkali kuliko wote? Mimi niko kambi ya Muñoz. Mtu wako bora humweki akiba ya inningi ya tisa wakati nyumba inaungua kwenye ya saba. Wilson alifuata utaratibu uliombeba msimu mzima, na Bazardo alikuwa amefanya kazi nzuri mwaka mzima, hilo namkubalia. Lakini Oktoba haina kesho.

Hata hivyo, nadhani kambi zote mbili zinatazama mahali pasipo na ugonjwa. Tazameni inningi ya tisa, tulipokuwa tunahitaji mkimbio mmoja tu. Jeff Hoffman wa Toronto akarusha. Rivas, kakosa mara tatu. Dominic Canzone, kakosa mara tatu. Julio Rodríguez, kakosa mara tatu. Kwisha. Raleigh alikuwa amesimama pembeni na gongo lake begani, ndiye aliyekuwa akifuata. Watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyewalazimisha mabeki wa Toronto wasogee hatua. Ilhali wao, inningi mbili nyuma, walijenga ushindi kwa besi ya bure, pigo dogo na mpira uliolazwa. Toronto walikuwa kati ya timu zilizokosa mara tatu mara chache zaidi katika ligi kuu mwaka 2025. Sisi Raleigh peke yake alikosa mara 188, na Suárez, tukihesabu na miezi kabla hajaja kwetu, 196.

Na uwanja wetu wenyewe unatuambia hivyo. T-Mobile Park, uliofunguliwa mwaka 1999, uko karibu na maji ya Puget Sound. Jioni za Aprili na Mei hewa baridi na nzito inaingia, na mpira ambao Texas ungekuwa homurani, Seattle unafia kwenye glavu. Kwa miaka mingi huu umekuwa kati ya viwanja vinavyowatesa wapigaji kuliko vingine ligi nzima. Warushaji wanaupenda. Kwa hiyo uongozi umejenga timu ya warushaji, jambo la busara, kisha ukazungushia wapigaji wanaozungusha gongo kama wanapasua kuni. Hapo ndipo busara inapokwisha.

Haya, kikosi. Timu ya besiboli ina wachezaji 26 kwa siku, sitawapitisha wote.

Usajili ulionifurahisha ni wa Josh Naylor, beki wa besi ya kwanza. Novemba alisaini miaka mitano kwa dola milioni 92.5. Naylor ni Mkanada, mnene, mzito, ukimwona akishuka kwenye basi utadhani ni dereva. Mwaka jana kaiba besi 30, yaani kakimbilia besi inayofuata kabla mpira haujapigwa, 19 kati ya hizo akiwa nasi katika michezo 54 tu, kwa sababu anamsoma mrushaji kabla hajainua mguu. Na muhimu kwangu: hakosi ovyo. Akiwa ameshakosa mara mbili anafupisha mkono, anaugusa mpira, anakimbia na tumbo lake. Huyo ndiye mfano wa mtu ninayemtaka.

Polanco wamemwachia aende New York Mets, miaka miwili, dola milioni 40. Hili limeniuma. Polanco alipiga homurani mbili dhidi ya Skubal katika mchezo mmoja, akatumalizia ule wa inningi 15, na kwa umri wake wa miaka 32 alikuwa bado anauona mpira vizuri. Watasema goti, watasema bei. Mimi nasema mpigaji wa aina yake hapatikani sokoni kwa urahisi, na wachezaji wazuri wa nje hawapendi kuja kupiga kwenye hewa ya Seattle. Anayekubali kubaki, mshike.

Suárez ni habari nyingine, na najua kuna watakaonizomea. Hadi leo ninapozungumza bado hana timu. Ni mtu wa watu, anacheka na kila mtu, na ule usiku wa mchezo wa tano nitamdai heshima mpaka kaburini. Lakini tangu atue kwetu Julai, wastani wake wa kupiga haukufika .200. Alikuwa ama homurani ama upepo, na upepo ulikuwa mwingi. Nisingemrudisha. Moyo unakataa, akili inakubali.

Sasa besi ya tatu ni ya nani? Ben Williamson anaucheza mpira wa chini vizuri mno, kumtazama tu ni burudani, ila gongo lake halina uzito. Colt Emerson, aliyechaguliwa mwaka 2023 akitokea shule ya sekondari huko Ohio, ana miaka 20 na tayari kafika timu ya Tacoma, ngazi moja chini ya ligi kuu. Wanaomfuatilia wanasema macho yake kwenye mpira ni ya mtu mzima. Na besi ya pili yupo Cole Young, kijana mwingine wa shuleni, mwaka jana alianza kwa moto akapoa. Katikati yao J. P. Crawford, mkongwe wetu, ambaye mkataba wake unakwisha mwaka huu.

Jina linalotajwa kila siku ni Brendan Donovan wa St. Louis. Anacheza besi ya pili, ya tatu, nje kushoto, popote utakapomweka; kiraka halisi. Anapiga kwa mkono wa kushoto, na hakosi. Ndiye dawa niliyoiandika kwenye karatasi. St. Louis wanajenga upya, wanataka vijana, na sisi tunao vijana wengi. Mmoja ni Jurrangelo Cijntje, anayerusha kwa mkono wa kulia na wa kushoto pia, glavu yake imeshonwa iingie mikono yote. Ni kioja cha kupendeza, watoto wanampenda. Ningemtoa leo hii kwa Donovan. Tukisema tunasubiri watoto wakue, Raleigh na Julio watazeeka tukiwa bado tunasubiri.

Desemba walimtoa Harry Ford, mdakaji kijana, kwa Washington, wakamleta José Ferrer, mrushaji wa akiba wa mkono wa kushoto mwenye mpira mzito unaozama. Wengi walinung'unika kwa ajili ya Ford. Mimi nimeridhika: mbele yake yupo Raleigh mwenye mkataba mrefu, kijana angekaa benchi mpaka aote kutu. Na sasa, ukiwa na Gabe Speier, Matt Brash, Bazardo, Ferrer na Muñoz, Wilson hana kisingizio cha kumchelewesha mtu wake bora. Wasiwasi wangu ni mmoja tu, nao ni magoti ya Raleigh. Machi anakwenda kuichezea Marekani kwenye mashindano ya dunia. Michezo 159, mtoano mrefu, kisha na hayo. Mtu huyo apewe siku za kupumzika, hata kama sisi tutapiga kelele.

Warushaji wa kuanza sina haja ya kuwasemea kirefu. Woo, Logan Gilbert, George Kirby, Luis Castillo, Bryce Miller: timu nyingi zingefurahi kuwa na watatu tu wa hao. Lakini kumbukeni kwamba mwaka jana Gilbert, Kirby na Miller wote waliumia wakakosa wiki nyingi. Woo alianza michezo 25 mfululizo bila kushindwa kufikisha inningi sita, halafu kifua kikamkamata Septemba, na ndiyo maana kwenye mchezo wa saba alikuwa anaingia katikati badala ya kuanza. Mikono ya warushaji huwezi kuiwekea bima. Hiyo ni sababu nyingine ya kutowaachia mzigo wote.

Wapo wanaoniuliza, wewe Mwafrika wa Mashariki una nini na mchezo huu? Nawajibu kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, wakawafunga watoto wa Oregon 3 kwa 2. Oregon ni majirani zetu, tunapakana. Mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu. Na kwa walaji: uwanjani Seattle wanauza panzi wa kukaanga wa Kimeksiko, wenye ndimu na pilipili, na wanauzika kweli. Rafiki yangu Mhaya aliwaonja, akatikisa kichwa, akasema hawa hawajamwona senene.

Halafu ni mchezo wa redio. Mpira wa miguu unakimbia kuliko mtangazaji, besiboli inamsubiri. Dave Niehaus aliwatangazia watu wa hapa tangu mchezo wa kwanza kabisa wa 1977 mpaka alipofariki mwaka 2010, na wamemjengea sanamu ndani ya uwanja: ameketi mezani, vipokea sauti masikioni, maikrofoni mbele, na kiti kitupu pembeni yake ili mtu yeyote akae apigwe picha. Wako mashabiki wanaokaa hapo bila picha.

Nafasi zetu, basi. Kundi letu haliogopeshi. Houston mwaka jana walishinda 87 wakakosa mtoano, na mrushaji wao mkuu Framber Valdez yuko sokoni. Wamemleta Tatsuya Imai kutoka Japani, tutamwona. Texas walikuwa nusu kwa nusu, 81 kwa 81. Athletics wana vijana wanaopiga hasa, lakini warushaji wao kule Sacramento wanateseka. Angels tuwaache. Wanaoingia mtoano ni sita kila ligi, na mabingwa wawili wa makundi wenye rekodi bora wanaruka raundi ya kwanza, wanapumzisha mikono. Hiyo nafasi ya kuruka ndiyo ninayoitaka, kwa sababu timu yetu husafiri maili nyingi kuliko karibu timu zote. Kila safari kwetu ni ya ndege ndefu.

Hatari iko mashariki. Toronto wamempoteza Bo Bichette, amekwenda Mets, lakini wamemnunua mrushaji Dylan Cease kwa dola milioni 210. Yankees wana Judge. Detroit bado wana Skubal. Tukikutana na hao Oktoba tukiwa na safu ile ile ya kupasua kuni, nitawaambia mwisho wake sasa hivi.

Mkinilazimisha namba, nasema ushindi 92 na ubingwa wa kundi. Donovan akija, naongeza miwili na naanza kuweka akiba ya tiketi. Asipokuja, Williamson aanze besi ya tatu mwisho wa Machi na tumvumilie. Ila ikifika Juni nafasi hiyo bado haitupi kitu, mleteni Emerson kutoka Tacoma. Ni chini ya saa moja kwa gari, foleni ya barabara namba 5 ikiruhusu.